Usingizi wa Mjomba na Jicho la Tela

Jumatatu, 3 Machi

Vifaranga mia mbili! Mjomba ametangaza leo wakati wa chai, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi. Wanakuja kukaa wapi? Kwenye banda langu. Karakana yangu! Mashine yangu ya kuchomelea itakwenda wapi, hakusema. Mimi nitakwenda wapi, hakusema pia.

Banda ni lake, sikatai. Amenipa nilitumie miaka miwili bila neno. Na miaka miwili hiyo nimechomelea mageti, vitanda, majembe ya trekta, na jiko moja la jirani ambalo halikupona, lakini lile lililetwa limeshakufa. Mjomba anasema hajaiona kazi. Anachoona yeye ni viti vitatu vya chuma ambavyo aliyeviagiza hajaja kuvichukua. (Vinayumba kidogo. Kidogo sana.)

Nikamwambia mimi ni fundi wa viungio vya trekta, ndiyo fani yangu, na hapa karibu hakuna mwingine. Nilijigamba, nakubali. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Fundi wa viungio. Na lile tela linaloniamsha kila siku ni la kiungio gani?"

Hapo alinipata. Maana ni kweli. Kila siku saa nane mchana mjomba hulala. Kila siku saa nane na nusu trekta la shamba la juu hupita chini ya dirisha lake, likivuta tela la mahindi kwenda kinuni. Kiungio kimelegea mpaka basi. Kong'! Kong'! Kong'! Na mbele ya dirisha kabisa kuna tuta. Pale ndipo inapopigwa KONG' yenyewe, na mjomba huruka kitandani.

Basi tumewekeana masharti. Kabla ya vifaranga kuja nimpe siku tatu mfululizo za usingizi. Tela lipite, yeye asiamke. Nikiweza, banda ni langu na vifaranga watafutiwe kwao. Nikishindwa, nihamishe vyuma vyangu Ijumaa jioni. Mkaza mjomba ndiye refa. Tukashikana mikono. Wa mjomba ulikuwa na siagi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsimamisha Waziri. Si waziri wa serikali — ni dereva wa lile trekta. Wamemwita hivyo kwa sababu ya kupunga mkono. Watu wakisikia kong' hutoka nje kutazama, na yeye huwapungia, polepole, kiganja kimekunjwa kidogo, kama amekuja kufungua daraja.

Nilimuuliza alirekebisha kiungio mara ya mwisho lini. Akasema hukirekebisha kila wiki. Nikachungulia. Jamani! Humo ndani nimetoa kipande cha tairi, nusu ya kandambili, bati lililokunjwa mara nne, na mpini wa kijiko. Kijiko! Nikamwonyesha. Akasema hicho cha kijiko ndicho kilichosaidia sana, nisikipoteze.

Pini yenyewe imelika katikati, imekuwa na kiuno. Nimempa mpya, nene, nikaipaka grisi, nikampa na klipu ya kuizuia isiruke. Nikamwonyesha klipu inavyofungwa, mara tatu. Akaitikia mara tatu. Kisha nikasimama kando, mikono kiunoni, fundi kamili, nikamwambia haya, nenda.

Kong'.

Jumatano, 5 Machi

Kong'. Mjomba alitoka nje na alama za mto shavuni. Akanitazama, akatazama banda, akarudi ndani. Afadhali angegomba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua! Na nimeona aibu kujua leo. Nilitazama pini, sikutazama jicho.

Mkono wa tela una duara la chuma mwishoni, ndilo jicho, humo ndimo pini inamopita. Linatakiwa liwe duara. La hili tela ni yai. Limelika upande mmoja kwa miaka ya kuvutwa, kwa hiyo hata pini iwe mpya na nene namna gani, itacheza tu. Mwalimu wangu wa chuo alitwambia jambo hili mara mia. Mara mia niliitikia huku nawaza chakula cha mchana.

Kazi yake ni ya siku nzima: kujaza jicho kwa moto, kulitoboa upya, kulivalisha bushi. Nikapanda mpaka shamba la juu kuomba tela. Mwenye shamba ni mama mmoja mfupi asiyezungumza akiwa amesimama. Nilimkimbilia nyuma mistari saba ya mahindi. Akasema Jumamosi tu, maana siku hiyo halibebi kitu. Akauliza, litakwisha siku hiyohiyo? Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nina ugonjwa wa ndiyo.

Hesabu: Jumapili trekta halitembei. Zinabaki Jumatatu mpaka Ijumaa. Siku tano, nahitaji tatu. Inatosha. Inatosha kabisa!

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoka, mikono inanuka chuma, na nina furaha. Acha niandike yote kabla sijalala juu ya daftari.

Tela lililetwa saa moja. Nililiinua kwa jeki, nikapiga grenda jicho mpaka kutu ikaisha na chuma cheupe kikatokea. Kisha moto. Tabaka moja, nangoja lipoe. Tabaka la pili, nangoja. Ukiwa na haraka hapo chuma kinapasuka, na mimi nimezaliwa na haraka, kwa hiyo kila nikingoja nilikuwa nakalia mikono yangu mwenyewe.

Katikati ya tabaka la tatu akaingia mjomba. Na futi. Na chaki! Akaanza kupima ukuta wangu. Akaandika MAJI. Akaandika CHAKULA. Akaniomba niinue mguu, akachora mstari sakafuni pale nilipokuwa nimekanyaga, akaandika TAA. Mimi nimepiga magoti na kinyago usoni, nachomelea kwa ajili ya uhai wangu, na mtu ananizunguka anapanga vyumba vya kuku.

Akauliza kama moshi huu ungewadhuru vifaranga. Nikasema sana, tena vibaya, afadhali wasije. Hakucheka, lakini pua yake ilitikisika.

Halafu hakuondoka. Akavaa miwani yangu ya akiba juu ya miwani yake ya kusomea, akakaa kwenye kimoja cha vile viti vitatu (kikayumba, akakitazama, akanitazama), akauliza bushi ni kitu gani. Nikamweleza. Ni bomba fupi la chuma linalokaa ndani ya jicho, pini inalisugua hilo badala ya kulisugua jicho. Likilika unalitoa, unatia jingine, jicho linabaki zima.

"Kwa hiyo lenyewe kazi yake ni kulika tu?"

Ndiyo, mjomba. Akasema huyo ni yeye na watoto wa dada yake. Sikujua nicheke au niombe radhi, nikawasha grenda.

Saa kumi na moja bushi ilikuwa tayari kuingia. Mjomba alinishikia mkono wa tela, kwa sababu yupo tu karibu, alisema. Mapigo kumi na mawili ya nyundo. Nikaitia pini. Ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikatulia. Nikaitikisa — hola. Nikalitikisa tela zima — hola! Nilicheza dansi. Mjomba aliona. Basi.

Jumapili, 9 Machi

Mjomba ana kijitabu cha kufuga kuku na anakisoma kwa sauti mezani. Kifaranga akisikia baridi hulalia wenzake mpaka wanakosa pumzi. Kifaranga hapendi makelele. Kifaranga huyu, kifaranga yule. Nimekosa hamu ya kula. Nimekula mara mbili tu.

Nikilikosa banda hili sina pengine. Nitarudi mjini kwa dada kumsaidia kuuza vifuniko vya simu, na kila mteja ataniuliza kama ipo ya rangi ya waridi. Nasikia vibaya nikiwaza hivyo. Nimeshaandika, sasa niache kuwaza.

Jumatatu, 10 Machi

KIMYA!

Nilikuwa kando ya barabara tangu saa nane. Likaja trekta, likaja tela, likapanda tuta, likashuka tuta. Mahindi yalichakarika kidogo. Kiungio hakikusema neno. Mjomba amelala mpaka saa tisa na robo. Mkaza mjomba amechora mstari mmoja ukutani kwa chaki ya mjomba mwenyewe.

Waziri tu ndiye hakufurahi. Alipunga mkono njia nzima na hakuna aliyetoka. Alikuwepo mama mmoja anaanika nguo, naye alikuwa amempa mgongo. Akasimamisha trekta kwenye kona, akanisubiri, akauliza kama bado anaonekana vizuri kule juu. Nikamwambia anaonekana sana. Nilimhurumia kama dakika moja hivi.

Jumanne, 11 Machi

Siamini ninachokiandika.

Waziri amefika kinuni bila tela.

Kilomita mbili! Amefika, amezima trekta, ameshuka, ameingia, ameomba vibarua waje kushusha mahindi. Vibarua wametoka, wametazama. Yeye naye akatazama. Walikaa hivyo muda, naambiwa.

Tela lilikuwa huku kwetu. Lilifika kwenye tuta, pini ikaruka, tela likasimama mbele ya dirisha la mjomba kama limealikwa. Lenyewe halikupiga kelele, nalitetea. Waliopiga kelele ni watu. Walijaa barabarani ndani ya dakika mbili, kila mmoja na maoni yake, yuko aliyepanda juu ya magunia kuwasimulia walio nyuma. Mjomba alifungua dirisha akiwa na shuka kichwani.

Nilimkimbilia Waziri kwa baiskeli ya kuazima. Klipu iko wapi? Akainua shati. Klipu yangu, klipu ya kuzuia pini, amefungia suruali! Zipu imeharibika tangu Jumatatu, alisema, na yeye ni mtu wa kuonekana.

Nikamuuliza sasa hukujua kuwa tela halipo? Akanijibu kwa uchungu wa kweli:

"Fundi, miaka sita nalijua tela kwa masikio. Likigonga, lipo. Sasa umelinyamazisha, mimi nitajuaje?"

Nikamwambia ageuke atazame. Akasema shingo yake haigeuki upande wa kulia, na wa kushoto hugeuka nusu. Akapendekeza afunge debe tupu nyuma ya tela lipige kelele, awe anajua. Debe! Nilikaa chini barabarani.

Mkaza mjomba amefuta mstari. Kwa kiganja, bila huruma. Zimebaki Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Zote tatu nazihitaji, hakuna hata moja ya kuharibu.

Jumatano, 12 Machi

Saa kumi na mbili alfajiri nimeng'oa kioo cha bafuni. Mkaza mjomba ameruhusu, kwa sharti kirudi. Nimekitengenezea mkono wa chuma, nimekichomelea juu ya bati la tairi la trekta, upande ambao shingo ya Waziri inafika. Sasa anatazama mbele na bado analiona tela nyuma. Nimemshonea na zipu pia. Sikusomea hilo, lakini nimeshona. Klipu imerudi kwenye pini.

Saa nane na nusu: kimya. Mjomba amelala na mdomo wazi. Mstari mmoja!

Leo asubuhi mjomba amenyoa ndevu akijitazama kwenye kijiko. Ana plasta tatu kidevuni na hajauliza kioo kimekwenda wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Mistari miwili!! Tela lilipita na mimi mwenyewe nilikuwa jikoni, sikulisikia, nikafikiri halijaja. Mkaza mjomba ndiye aliyenionyesha vumbi.

Baadaye. Nilisherehekea mapema. Waziri amegonga nguzo ya lango la kinu.

Anasema alikuwa anatazama tela kwenye kioo. Mlinzi wa lango anasema alikuwa anachana masharubu. Nguzo imepinda, trekta limepasuka rejeta, maji yamemwagika yote. Nimekwenda kuona. Watu wote wamezunguka rejeta, mimi nikapita moja kwa moja nyuma, nikachuchumaa, nikatazama kiungio. Kimeshika. Hakijasogea hata unywele! Nilifurahi peke yangu kule nyuma, na nikaona vibaya kufurahi, na nikaendelea kufurahi.

Kisha ikanijia akilini: trekta bovu halipiti. Kesho kutakuwa kimya, kimya cha bure! Nikakimbia nyumbani kumwambia mkaza mjomba. Akaendelea kuchambua mchele. Refa amesema hivi: tela lisipopita, siku haihesabiki. Mtu kulala kwenye nyumba tulivu si ufundi wa mtu yeyote.

Nikamwambia basi nimekwisha. Akasema mwenye shamba hawezi kuacha mahindi yakae, atapata trekta jingine tu. Akanipa sinia nichambue naye.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne asubuhi. Limepatikana trekta la kuazima, la mtu wa ng'ambo ya mto. Nimepanda shambani na sanduku langu la vifaa nilikague. Nimechelewa, Waziri ameshakwenda kulichukua kwa miguu. Mwenye shamba, akitembea, amesema nisiwe na wasiwasi, trekta ni zuri, lina rangi mpya. Rangi!

Saa nane kasoro. Mjomba ameingia kulala. Kabla ya kuingia alipita bandani. Nimeshafungasha nusu, ili jioni nisilie huku nabeba. Alisimama katikati ya yale maandishi yake ya chaki, akaangalia ukuta nilipokuwa nimetundika nyundo zangu, ambao sasa una misumari tu. Akauliza nyundo ziko wapi. Ziko kwenye sanduku, mjomba. Akasema "hm," akaenda zake.

Saa nane na dakika ishirini na mbili. Naandika nimekalia ndoo chini ya dirisha lake. Mkaza mjomba yuko kwenye kigoda pembeni yangu. Dirisha liko wazi nusu, namwona mjomba chali, mikono juu ya tumbo. Amelala. Anapumua taratibu.

Saa nane na dakika ishirini na nane. Kong'.

Kwa mbali, kwenye kona ya chini ya shamba. Nimemtazama mkaza mjomba, naye amenitazama. Kong'. Kong'! Si jicho langu. Jicho langu ni zima, naapa! Ni tundu la hilo trekta la kuazima, lazima limelika, pini yangu inacheza humo ndani. Rangi mpya, tundu bovu.

Nimerudi. Nilikimbia mpaka kwenye kona kumzuia. Nilisimama katikati ya barabara, nikapunga mikono yote miwili, simama, simama. Waziri aliniona. Akafurahi mno. Akanipungia. Watu walikuwa wametoka nje pande zote mbili za barabara, kila mlango una mtu, na yeye kule juu anapunga kulia, anapunga kushoto, uso unang'aa, na kwa ule mlio asingenisikia hata ningekuwa na tarumbeta. Ilinibidi niruke mtaroni.

Sasa lipo hapa. Linapita. KONG'. Naandika huku ndoo inatikisika. Gurudumu la mbele limepanda tuta. La nyuma limepanda. Sasa tela

Ile ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote tangu nizaliwe. Picha ya harusi yao imeanguka ukutani, kioo kimepasuka. Mbwa wa jirani amekimbia. Mimi nimefumba macho, nimefumbua, nimechungulia ndani.

Mjomba amelala.

Amelala chali vilevile, mikono juu ya tumbo, ila mikono imejishika kwa nguvu. Macho ameyafumba mpaka kope zimekunjamana. Na anakoroma. Anakoroma kwa sauti kubwa, ndefu, yenye filimbi mwishoni.

Mkaza mjomba amesimama kwenye kigoda kuchungulia naye. Ametazama kwa muda mrefu. Kisha ameinama sikioni kwangu.

"Miaka thelathini na mmoja nalala na huyu mtu. Hakoromi."

Nikamuuliza basi refa anasemaje. Ameitoa chaki mfukoni, anaizungusha vidoleni, anamtazama mumewe.

Simu ya mjomba inaita. Iko kando ya mto, tunaliona jina kutoka hapa dirishani: VIFARANGA. Muuzaji anataka kuthibitisha ya kesho, bila shaka. Inaita. Mjomba anakoroma. Inaita. Sasa mkono wake mmoja unatoka tumboni, macho bado ameyafumba, unapapasa kitandani, unapita juu ya miwani, unaikuta simu, unaikata, unaisukuma chini ya mto. Umerudi tumboni. Mkoromo haukukatika hata kidogo.

Simu inaita tena chini ya mto, na yeye anakoroma zaidi.